Jua, Jasho na Amri

Watu wa nchi za joto hudhani kuwa jua ni adui wa wageni tu. Dhana hii ina ukweli kidogo na hatari nyingi. Ni kweli kuwa mwili uliozoea joto hulistahimili kuliko mwili usiolizoea. Lakini hakuna mwili wa binadamu, uwe wa mzaliwa wa pwani au wa mgeni aliyeshuka melini jana, uwezao kufanya kazi nzito katika joto kali bila ya kikomo. Kikomo kipo, na kimejulikana kwa muda mrefu. Kinga yake pia imejulikana kwa muda mrefu: maji, kivuli, mapumziko, na kuianza kazi kidogo kidogo. Basi historia haituulizi kwa nini watu hawakujua. Inatuuliza kwa nini watu waliendelea kufa hali ya kuwa mambo hayo yalijulikana.

Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya jibu imo katika amri. Mtu afanyaye kazi kwa hiari yake hupunguza mwendo mwili unapomwonya. Mtu afanyaye kazi kwa amri ya mwingine, au kwa sharti la mkataba, au kwa kushikwa na tamaa ya heshima, hulinyamazisha onyo hilo. Kwa sababu hiyo habari za kujikinga na maradhi ya joto ni habari za mabishano ya zamani sana: nani mwenye haki ya kusema, "Tusimame"?

Tuanze karibu na kwetu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima kwenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili kama 70, mbali na mkeka, chombo cha kupikia na silaha yake. Kazi hiyo ilifanywa katika nchi ya jua kali, lakini ilikuwa na ada zake. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi mbele na wenye mizigo nyuma yake, nao ulitua kabla ya jua kufika utosini, aghalabu saa nne au saa tano ya asubuhi. Saa zilizobaki zilikuwa za maji, chakula na kivuli.

Baina ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, mwendo wa maili zipatazo 30 bila ya maji ya kutegemea. Hapo ada ya asubuhi peke yake haikutosha. Wapagazi walikunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana baada ya adhuhuri, wakatembea mpaka giza, wakalala pasipo na kisima, kisha wakaondoka tena mapema ili wayafikie maji kabla ya jua kupanda sana. Mwendo wa namna hiyo ulikuwa na jina lake. Richard Burton, aliyepita huko mwaka wa 1857 pamoja na John Speke, aliliandika "tirikeza", na aliulalamikia mwendo wenyewe kuwa ni miongoni mwa mateso ya safari. Mateso ulikuwa nayo, lakini ulikuwa na hesabu ndani yake: kiu ya siku moja iligawanywa mafungu mawili, na usiku ukawekwa katikati.

Wasafiri wa Ulaya walilalamika mara nyingi kuwa wapagazi walikuwa wagumu, walibishana juu ya urefu wa mwendo na walitua mizigo kila walipoona imetosha. Malalamiko hayo twaweza kuyasoma leo kwa jicho jingine. Mpagazi huru wa Unyamwezi alifanya kazi kwa ujira wa mapatano, na sehemu kubwa ya nguvu zake ilikuwa katika jambo moja, kwamba aliweza kuutua mzigo. Wale waliotembezwa katika njia zizo hizo kwa minyororo hawakuwa na uwezo huo, na jua lile lile kwao lilikuwa kali zaidi.

Ni onyo gani mwili hutoa? Joto la ndani ya mwili wa mtu mzima wa afya hukaa karibu na digrii 37 za sentigredi. Misuli ifanyapo kazi, kama robo tu ya nguvu zitumiwazo, au pungufu ya robo, hugeuka kuwa kazi. Zilizobaki hugeuka kuwa joto. Joto hilo halina budi kutoka. Damu hulipeleka kwenye ngozi, na jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka nalo. Lita moja ya jasho lililokauka huchukua kalori kubwa zipatazo 580. Neno la kuangaliwa hapo ni kukauka. Jasho lidondokalo chini limempotezea mtu maji yake wala halikumpoza.

Mwaka wa 1774, mjini London, daktari Charles Blagden na wenzake waliingia katika chumba kilichotiwa moto mpaka joto lake likapita lile la maji yachemkayo. Nyama iliyowekwa humo iliiva. Watu walitoka wazima. Hewa ilikuwa kavu, jasho lilikauka upesi, nao walikaa humo kwa dakika chache bila ya kufanya kazi. Mwaka wa 1905 mwanachuoni J. S. Haldane alionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Katika hewa iliyojaa unyevu, joto dogo kuliko lile la Blagden mara nyingi lilitosha kumwangusha mtu afanyaye kazi. Kwa hiyo alishauri watu wasitegemee kipimajoto cha kawaida tu, bali watazame kile ambacho ncha yake imefungwa kitambaa chenye maji, maana hicho huonyesha kama jasho litaweza kukauka au halitaweza. Ajuaye joto la Mombasa mwezi wa Machi na joto la Dodoma mwezi wa Oktoba hatahitaji ushahidi zaidi.

Jasho lisipokauka na kazi isipopungua, joto la ndani hupanda. Kwanza huja uchovu, kiu, kichwa kuuma na kizunguzungu. Likipita digrii 40 hivi akili huanza kuvurugika: mtu husema maneno yasiyo na mpango, hupepesuka, pengine huwakasirikia wanaotaka kumsaidia, kisha huzimia. Hicho ndicho kiharusi cha joto. Katika kazi nzito humpata hata mtu ambaye bado anatoka jasho jingi. Ubaya wake mmoja ni huu, kwamba humnyang'anya mtu akili ile ile ambayo ingalimwambia asimame. Tangu hapo uhai wake umo mikononi mwa walio karibu naye.

Sasa tuingie chini ya ardhi, katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini. Kadiri machimbo yalivyozidi kwenda chini ndivyo miamba ilivyozidi kuwa na moto. Vumbi la mawe liliua watu kwa maradhi ya mapafu, basi maji yalinyunyizwa ili kulilaza. Kinga ya hatari moja ikazaa hatari nyingine, maana maji hayo yaliijaza hewa unyevu, na jasho la wachimbaji halikukauka. Mwaka wa 1924 vifo vya kwanza vya kiharusi cha joto viliandikwa huko.

Katika miaka ya 1930, A. O. Dreosti alieleza jaribio lililofanywa katika mgodi wa City Deep. Wafanyakazi wapya waliingizwa katika chumba cha joto na unyevu, wakapiga sepetu kwa saa moja, wakapimwa joto la mwili kabla na baada ya kazi. Ilionekana kuwa watu hawalingani: wako walioanza na uvumilivu mkubwa, wako wa katikati, na wako waliopanda joto upesi. Ilionekana pia kuwa wengi wao, wakiongezewa kazi polepole kwa muda wa wiki mbili hivi, hubadilika. Jasho lao huanza mapema na huwa jingi zaidi, chumvi ipoteayo hupungua, na moyo hupiga kwa utulivu zaidi. Baadaye Cyril Wyndham, N. B. Strydom na wenzao waliiendeleza elimu hii, hata mchimbaji mpya akawa hazoezwi tena ndani ya mgodi bali katika vyumba maalum juu ya ardhi, akipanda na kushuka vipandio kwa saa nyingi, siku baada ya siku, mbele ya macho ya wapimaji.

Elimu hii iliokoa maisha, na haifai kuidharau. Sheria za kazi za leo zinazotaka mfanyakazi mpya apewe siku za kulizoea joto zina deni kwa wanaume waliopanda vipandio vile. Lakini msomaji na atazame hali yao. Walitoka Msumbiji, Basutoland, Nyasaland na nchi nyingine, wakiwamo watu wa kusini mwa Tanganyika. Chama chao cha wafanyakazi hakikutambuliwa na sheria. Na hadi mwaka wa 1974 Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha aliweza kushitakiwa kama mhalifu. Elimu ya joto iliwapa uwezo wa kufanya kazi mahali ambapo pasingefaa kufanyiwa kazi, lakini haikuwapa haki ya kusema kuwa mahali hapo hapafai. Kipimo kilikuwa mkononi mwa mwenye mgodi. Alikitumia kwa kuwa kifo cha mchimbaji kilikuwa msiba, na kwa kuwa kilikuwa hasara pia.

Katika jeshi mambo yalikwenda njia nyingine. Ilikuwa imani ya maofisa wengi kuwa askari anaweza kufundishwa kuishi kwa maji machache, kama afundishwavyo kulenga shabaha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia E. F. Adolph na wenzake waliwapima askari katika jangwa la Marekani, na kitabu chao cha mwaka wa 1947 kiliivunja imani hiyo. Mtu aliyenyimwa maji hajifunzi kutoyahitaji, hudhoofika tu. Mwaka huo huo ulichapishwa uchunguzi wa vifo 157 vya kiharusi cha joto katika jeshi la Marekani. Vifo hivyo havikutokea Afrika ya Kaskazini wala visiwa vya Pasifiki. Vilitokea katika kambi za mafunzo ndani ya Marekani yenyewe, wakati wa vita, mahali ambapo maji yalikuwapo na adui hakuwapo.

Jibu lilipatikana katika miaka ya 1950 kwenye kambi ya Parris Island, jimbo la South Carolina, wanakofundishwa wanamaji wapya. Constantin Yaglou wa chuo kikuu cha Harvard na David Minard wa jeshi la majini walitunga kipimo kimoja kutokana na vipimajoto vitatu, wakakitangaza mwaka wa 1957. Sehemu saba katika kumi za kipimo hicho hutoka kwa kipimajoto chenye kitambaa cha maji, sehemu mbili kwa kipimajoto kilichomo ndani ya tufe jeusi lililowekwa juani, na sehemu moja kwa kipimajoto cha kawaida cha kivulini. Mtu akizitazama hesabu hizo huona mara moja ni kipi kizito: unyevu kwanza, jua la pili, na joto la hewa, ambalo ndilo watu hulitaja kila siku, la mwisho.

Kipimo hicho kilifungwa na bendera. Kikifika kiwango fulani ilipandishwa bendera ya kijani, kisha ya manjano, kisha nyekundu. Na katika utaratibu uliokuja kuenea, kikifika digrii 90 za farenhaiti, yaani 32 za sentigredi na kidogo zaidi, hupandishwa nyeusi, na mazoezi mazito ya kawaida husimamishwa. Idadi ya wagonjwa wa joto katika kambi hiyo ilipungua sana. Nadhani sehemu kubwa ya faida haikutoka katika vipimajoto. Kabla ya bendera, askari mpya aliyetaka kupumzika alimpinga sajini wake, na aliitwa mlegevu. Baada ya bendera, sajini mwenyewe alikuwa chini ya amri. Askari hakulazimika kuomba wala kujieleza. Hili lilikuwa jambo la maana hasa kwa sababu kiharusi cha joto hakiwapati wavivu. Aghalabu humpata aliye mtiifu na mwenye bidii, asiyetaka kuonekana nyuma ya wenzake.

Hapo twafika kwenye amri ya tatu, ile ambayo mtu hujipa mwenyewe. Katika mbio za marathoni za Olimpiki huko St. Louis, tarehe 30 Agosti 1904, wakimbiaji 32 waliondoka mchana wa joto, katika barabara za vumbi, nao walipata maji kwa nadra kabisa, kwa kuwa mkuu wa mashindano alipenda kuona matokeo ya kukimbia na kiu. Waliomaliza walikuwa 14. Miongoni mwao walikuwa Waafrika wawili wa kabila la Watswana, Len Taunyane na Jan Mashiani. Mwaka wa 1912, katika Olimpiki ya Stockholm, Mreno Francisco Lázaro alianguka njiani, akafa siku ya pili yake. Mwaka wa 1954 huko Vancouver, Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiwa mbele ya wenzake kwa zaidi ya dakika 15, akaanguka na kuinuka mara nyingi, asiufikie mwisho. Hakukimbia marathoni tena. Hata hivyo kanuni za miaka hiyo ziliendelea kuchelewesha vituo vya vinywaji hadi kilomita ya 15. Kiu ilihesabiwa kuwa sehemu ya ushujaa.

Mwaka wa 1969 Wyndham na Strydom, wale wale wa machimbo, waliandika juu ya hatari ya kukimbia marathoni bila ya maji ya kutosha. Ushauri wao ulienea, kisha ukapita kiasi. Wakimbiaji wakaambiwa wanywe kadiri wawezavyo, hata kama hawana kiu. Katika mbio za Boston za mwaka wa 2002 mkimbiaji mmoja alifariki, si kwa kukosa maji bali kwa kuyazidisha hata chumvi ya damu yake ikawa nyepesi mno. Na katika wakimbiaji 488 waliopimwa damu siku hiyo, asilimia 13 walionekana kuwa na upungufu huo wa chumvi. Tangu hapo wataalamu wengi wamerudi kwenye shauri la kale: mkimbiaji anywe kwa kadiri ya kiu yake. Amri ya kutokunywa ilikuwa na makosa, na amri ya kunywa bila ya kiasi ilikuwa na makosa pia. Zote mbili ziliuziba mdomo wa mwili.

Mfano wa karibuni ni wa Doha, katika Qatar. Mwaka wa 2019 marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianzishwa karibu na usiku wa manane ili kulikwepa jua. Jua lilikwepwa, lakini unyevu ulibaki, na joto lilikuwa karibu na digrii 32. Wakimbiaji 68 walianza; 28 hawakumaliza. Mshindi alikuwa Ruth Chepngetich wa Kenya, kwa saa 2 dakika 32 na sekunde 43. Mnamo Januari mwaka huo huo, katika mbio za Dubai, alikuwa ametumia saa 2 dakika 17 na sekunde 8. Tofauti hiyo ya dakika 15 ni somo. Alishinda kwa mwendo ambao hali ya hewa iliuruhusu.

Na mtu akiisha kuanguka? Hapa elimu ya leo haina shaka: apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Atiwe katika pipa au hodhi la maji ya barafu upesi iwezekanavyo. Pasipo na barafu, amwagiwe maji baridi kwa wingi mwili mzima na kupepewa, wala asinyweshwe kwa nguvu akiwa hana fahamu. Katika mbio za kila mwaka za Falmouth, jimbo la Massachusetts, watu 274 walipatwa na kiharusi cha joto katika muda wa miaka 18 ya mbio hizo, wakatiwa katika maji ya barafu pale pale, na wote waliokoka. Mahali ambapo hodhi halikuandaliwa mapema, watu wenye ugonjwa uo huo wamekufa.

Qatar hiyo hiyo, ambayo watu wengi wa Kenya na Uganda wameiendea kwa kazi, ilitoa mwaka wa 2021 kanuni mpya kwa wafanyakazi wa nje. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 15 Septemba kazi ya juani hukatazwa baina ya saa nne ya asubuhi na saa tisa na nusu ya alasiri, na siku yoyote kipimo cha Yaglou na Minard kikipita digrii 32.1 kazi lazima isimame. Mtu aliyesoma habari za misafara ataitambua saa nne ile. Ni saa ya wapagazi kutua mizigo. Kanuni hiyo inaongeza pia jambo ambalo wapagazi wa Unyamwezi wangalilielewa bila ya maelezo: mfanyakazi anayeamini kuwa joto linamhatarisha ana haki ya kuiacha kazi na kulalamika.

Haki iliyoandikwa si sawa na haki inayotumika. Mtu mwenye deni la nauli, anayemwogopa msimamizi wake, anaweza kuwa na kanuni nzuri juu yake na bado asithubutu kukaa kivulini. Kwa hiyo kazi iliyobaki haiko kwa madaktari peke yao. Iko kwa mwalimu wa michezo mwenye kupanga saa ya mazoezi, kwa ofisa mwenye vijana wapya kambini, kwa mwenye shamba na mwenye jengo. Kila mmoja wao anaweza kujipima kwa maswali machache. Watu wangu wapya nimewapa siku za kulizoea joto? Maji yako karibu nao, au yako mbali hata waone haya kuyafuata? Nani kati yao anaweza kusema "Nimechoka" leo, na kesho bado akawa na kazi?